Kaburi la Majitu, Bila Jitu Ndani

Leo nataka tuongelee makaburi. Msiogope, si ya kwetu. Yako Sardinia, kisiwa kikubwa cha Italia katika bahari ya Mediterania.

Watu wa kule wanayaita «makaburi ya majitu». Nilipoona jina hilo mara ya kwanza nilicheka, lakini picha ikaninyamazisha. Kaburi la Coddu Vecchiu, karibu na mji wa Arzachena, lina jiwe la mbele lenye urefu wa mita 4 hivi, limesimama wima. Nyuma yake kuna shimo refu la mawe. Watu wa zamani waliona hayo wakasema: humu amelala mtu mrefu sana. Kweli, na wewe ungewaza nini?

Sasa tuangalie namna lilivyojengwa. Hayo makaburi yalianza karibu mwaka 1800 mbele ya Yesu. Waliyajenga watu wale wale walioacha minara ya mawe inayoitwa nuraghe, ambayo iko maelfu kisiwani. Walisimamisha mawe bapa kwa mistari miwili, wakaacha njia katikati, halafu wakafunika juu kwa mawe mengine. Mbele wakaweka lile jiwe kubwa, na chini yake mlango mdogo kabisa; mtu mzima hapiti bila kutambaa. Toka pale, mawe mengine yanafunguka kulia na kushoto kama pembe, yanafanya kiwanja cha nusu duara. Ukiangalia toka juu, ni kama kichwa cha ng'ombe dume. Kwenye kile kiwanja ndiko walio hai walikutana kwa ajili ya wafu wao na kuwaachia sadaka.

Na ndani je? Wataalamu walichimba, hawakukuta jitu hata moja. Walikuta mifupa ya watu wa kimo cha kawaida, wengi, waliowekwa humo kizazi baada ya kizazi. Vitu walivyozikwa navyo ni vichache, kama vyungu na shanga. Hakuna chumba cha chifu peke yake. Mifupa imechanganyikana, huwezi kusema huyu alikuwa mkubwa, yule alikuwa mdogo.

Hapo ndipo mimi nilishikwa. Jiwe la mita 4 haliinuliwi na mtu mmoja, hata awe na nguvu namna gani. Kuna waliolitafuta, waliolichonga, waliovuta kamba, waliopika chakula cha wavutaji. Halafu wote, siku yao ilipofika, waliingia kwa mlango ule ule. Baadaye watu walisahau ile kazi, wakabaki wanaona jiwe tu, na jitu likapewa sifa.

Sisi wenye kusoma pia tunaanguka mule mule. Tukiona kitu kikubwa, swali letu la kwanza ni «nani mkubwa alikifanya?» Sardinia inatufundisha kuuliza vingine: walikuwa wangapi, na walipatana namna gani? Maana kila mara tunapoita jitu, tunawanyang'anya watu wa kawaida kazi ya mikono yao.