Soketi Ina Milango

Je, wajua kwamba soketi ya ukutani ina milango? Zima swichi, kisha chungulia yale matundu mawili ya chini. Shaba haionekani, kinachoonekana ni vibao vidogo vya plastiki vilivyoziba njia. Nyuma yake kuna stima ya volti 240. Mtoto anayetambaa akichomeka msumari hapo, hukutana na kibao kwanza.

Ufunguo wa milango hiyo ni mguu wa juu wa plagi, ule wa waya wa ardhini. Umefanywa mrefu kuliko wenzake makusudi, ili utangulie kuingia na kusogeza vibao, ndipo miguu miwili ipite. Soketi nyingi hufanya kazi hivyo. Ni kiwango cha Waingereza, BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Kenya na Uganda zote hukitumia, kwa hiyo pasi yenye plagi ya aina hiyo, hata ikinunuliwa ng'ambo ya mpaka wa Suam, huingia kwenye soketi ya Kitale au Bungoma bila shida.

Taabu ni chaja za miguu miwili ya mviringo. Hazina ufunguo, nasi tumezoea kuzitafutia: kalamu, kijiti, wengine hata ncha ya mkasi (chuma!), inasukumwa kwenye tundu la juu mpaka milango ifunguke. Mtoto ameketi mkekani anatazama kila hatua. Kwangu mimi, hili ni baya kuliko soketi yenyewe, maana tunamfundisha jinsi ya kuingia. Baya zaidi ni kijiti kinachoachwa humo mchana kutwa.

Vile vifuniko vya plastiki vinavyochomekwa kwenye soketi ili kumkinga mtoto navyo si vya kuaminiwa sana. Mwaka 2016 Wizara ya Afya ya Uingereza iliagiza hospitali ziache kuvitumia: kifuniko kikipachikwa kichwa chini, mguu wake hufungua milango na kuyaacha matundu ya stima wazi.

Nyaya za kurefusha stima zenye matundu ya kupokea plagi za kila namna mara nyingi hazina milango kabisa, nazo ndizo tunazozilaza sakafuni. Zipandishe juu ya kabati au zifiche nyuma yake, na kabati lenyewe lifungwe ukutani, kwa sababu mtoto hupanda droo kama ngazi.

Na kama kuna kijiti kwenye soketi yako sasa hivi, zima swichi ukitoe, kisha ununue adapta ya miguu mitatu.