Nani Aonwe Kwanza?

Ndugu msomaji, tuseme umefika hospitali ya Kitete, mjini Tabora. Ni Jumatatu asubuhi. Umetoka kijijini alfajiri kwa sababu mgongo unakuuma. Umekaa kwenye benchi saa nzima, na mbele yako wako watu sita. Mara anaingia mama mwenye mtoto mgongoni. Muuguzi anamtazama mtoto huyo, anamshika mkono, kisha anamchukua na kuingia naye ndani.

Watu wa kwenye benchi wananung'unika. "Huyu kafika sasa hivi! Sisi tuko hapa tangu asubuhi. Au ni ndugu yake?"

Mara nyingi si ndugu yake. Muuguzi ameona jambo ambalo wewe hukuliona. Nawe ukilijua jambo hilo, siku moja utaweza kumwokoa mtoto wako.

Tunapokwenda kusaga mahindi, aliyetangulia kufika husagiwa kwanza. Kisimani ni hivyo hivyo. Hiyo ndiyo haki, nasi tumeizoea. Lakini katika chumba cha dharura haki ni ya namna nyingine. Anayeonwa kwanza ni yule aliye karibu zaidi na kufa, hata kama amefika wa mwisho.

Mgonjwa katika njia ya misafara

Zamani, mambo yalikuwa kinyume. Wazee wetu wa Unyamwezi walikuwa wapagazi hodari. Katika karne ya 19 walibeba pembe za ndovu, nguo na shanga kati ya Tabora na Bagamoyo. Safari hiyo ilichukua karibu miezi mitatu kwa miguu. Kutoka Tabora njia iligawanyika. Wengine walikwenda magharibi mpaka Ujiji, wengine walikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda.

Msafara ulikuwa na haraka. Chakula kilikuwa kidogo na maji yalikuwa mbali. Mpagazi akishikwa na ndui au kuhara damu, akashindwa kutembea, mara nyingi aliachwa katika kijiji cha njiani, au chini ya mti. Mgonjwa sana ndiye aliyebaki nyuma.

Daktari David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, miezi kadhaa ya mwaka 1872. Tembe alimokaa limekuwa nyumba ya makumbusho. Alikuwa daktari, lakini sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea njiani tangu mwaka 1867. Alipozidiwa na ugonjwa mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake walimbeba kwa kitanda. Alibebwa kwa kuwa alikuwa mkuu wa msafara. Mpagazi wa kawaida hakuwa na watu wa kumbeba hivyo.

Katika vita vya Ulaya pia wakubwa ndio waliotibiwa kwanza. Miaka zaidi ya 200 iliyopita, daktari mmoja wa jeshi la Ufaransa, jina lake Larrey, aliikataa desturi hiyo. Alisema majeruhi aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza, bila kujali cheo chake. Hospitali za leo zinafuata njia hiyo. Hapa Tanzania, idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010 katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Baadaye idara kama hiyo zilijengwa katika hospitali nyingine nyingi.

Muuguzi anatazama nini?

Muuguzi wa dharura hana muda mrefu. Katika dakika chache za kwanza hatafuti jina la ugonjwa. Hiyo ni kazi ya baadaye. Anataka kujua kama kuna kitu kinachoweza kumwua mgonjwa sasa hivi. Anaanza na pumzi, kisha damu, kisha fahamu.

Pumzi ni ya kwanza, kwa sababu mtu akikosa hewa kwa dakika chache tu, atakufa. Je, njia ya hewa iko wazi? Au imezibwa na matapishi, damu, au ulimi? Je, mgonjwa anakoroma, au kifua kinabonyea ndani kila anapovuta hewa? Je, midomo imekuwa ya bluu? Muuguzi huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, pumzi yake ni ya haraka mno. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, hesabu ya hatari ni 50 au zaidi. Wewe pia unaweza kuhesabu nyumbani, kama una saa. Hesabu mtoto akiwa ametulia, siyo anapolia.

Halafu damu. Panapovuja damu, muuguzi hukandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, hapo hapo. Lakini damu inaweza kupungua hata kama hakuna jeraha. Kuhara na kutapika hukausha maji ya mwili, na damu hukosa nguvu ya kuzunguka. Kwa hiyo muuguzi hushika mkono wa mgonjwa. Je, ni wa baridi? Anabonyeza ukucha mpaka unakuwa mweupe, kisha anaachia. Wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, hiyo ni hatari. Pia hutazama viganja na ndani ya kope. Kama ni vyeupe, damu imepungua mno. Malaria huwafanya watoto wengi hivyo.

Fahamu ni ya tatu. Je, mgonjwa anajibu akiitwa? Au anashtuka akiumizwa tu? Au hashtuki kabisa? Mtu asiyeshtuka kabisa hatakiwi kusubiri hata kidogo.

Sasa sikiliza jambo ambalo huwadanganya watu wengi. Kijana ameanguka na pikipiki, mguu umevunjika, na anapiga kelele mpaka nje. Karibu naye yuko mtoto aliyelala kimya mgongoni kwa mama yake. Sote tutamkimbilia kijana. Lakini anayepiga kelele anapumua, na ana fahamu. Kijana ana maumivu makali na ataonwa upesi, akipewa dawa ya maumivu. Mtoto aliyenyamaza, aliyelegea, asiyenyonya, ndiye wa kwanza. Mama anaweza kudhani amelala usingizi. Muuguzi hukubali kuwa ni usingizi baada tu ya kumwamsha mtoto na kumwona ameamka.

Mtoto wa namna hiyo akiingia ndani, mambo hufanyika pamoja. Mmoja anampa hewa ya oksijeni. Mwingine anamtoboa kidole apate tone la damu, apime malaria na sukari. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuishiwa sukari mwilini, na hapo anaweza kufa au kuharibika ubongo. Sukari huongezwa kwa mshipa.

Hospitali nyingi hutumia rangi. Nyekundu ni ya kuonwa sasa hivi. Njano ni ya kuonwa upesi. Kijani ni ya kusubiri kwa foleni. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili huwekwa mbele hata kama haonekani mgonjwa sana, kwa kuwa hali yake hubadilika ghafla. Wewe na mgongo wako, ndugu yangu, huenda ukapewa kijani. Usikasirike. Kijani maana yake ni kwamba unaweza kusubiri bila hatari.

Lakini hali ya mgonjwa hubadilika. Aliyekuwa kijani saa tatu anaweza kuwa mwekundu saa nne. Muuguzi hupita tena kutazama, ila ana watu wengi. Wewe uliyekaa na mgonjwa ndiwe macho yake. Ukiona ameanza kuhema, au amenyamaza, au anaongea maneno yasiyoeleweka, usione haya. Inuka useme, "Samahani dada, mgonjwa wangu amebadilika. Njoo umtazame." Na kama unaona mtu mzima mwenye afya anapitishwa mlango wa nyuma kwa sababu ya kujuana tu, hilo si jambo la dharura. Una haki ya kuuliza kwa heshima.

Degedege

Ugonjwa huu tuuseme kwa urefu, maana umewamaliza watoto wengi. Wazee wengi walisema mtoto amepitiwa na ndege wa usiku. Wakamfukiza, wakampeleka kwa mganga wa kienyeji, na hospitali ikawa ya mwisho. Tena waliogopa sindano. Walisema mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa.

Imani hiyo ilitoka wapi? Watoto wengine kweli walikufa baada ya sindano. Lakini walikuwa wamefikishwa hospitali baada ya siku mbili au tatu, wakati malaria imekwisha kuingia kichwani. Sindano ilikuwa jambo la mwisho watu walilolishuhudia, na lawama zikaiangukia.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu mahali pasipo na moto wala jiwe. Usimtie kitu mdomoni, wala kijiko, wala dawa, wala maji. Fungua nguo nzito. Tazama saa. Kisha mpeleke zahanati au hospitali, hata kama degedege limeacha. Akizinduka vizuri na kuweza kunyonya, mnyonyeshe njiani.

Usingoje degedege peke yake. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, mtoto anayetapika kila kitu, na mtoto aliyelegea asiyeamka vizuri, wote ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo, usiku au mchana.

Nyoka, dawa ya tumbaku, na uzazi

Msituni kwetu wako nyoka wa namna nyingi, na warina asali wa Sikonge wanawajua vizuri. Sumu ya koboko hulegeza mwili mpaka pumzi husimama. Sumu ya kifutu huvimbisha mguu na kuozesha nyama. Aliyeumwa asitembee wala kukimbia. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Funga kijiti kando ya mguu ili usichezecheze, kisha mbebe. Usichanje, usinyonye kwa mdomo, usikaze kamba. Jiwe jeusi halitoi sumu, na saa moja ya kungoja jiwe ni saa moja iliyopotea. Usimfuate nyoka porini ili umpeleke hospitali. Mkumbuke rangi na ukubwa, inatosha.

Katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Kaliua, hatari nyingine ni dawa ya kuulia wadudu. Mtu aliyeinywa au aliyemwagikiwa hutokwa na mate na jasho jingi, hutapika, na mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano. Mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Usimtapishe. Peleka kopo au kibandiko chake hospitali, ila usikiweke pamoja na chakula. Muuguzi akisoma jina la sumu atajua dawa ya kuandaa. Naye atavaa glavu kwanza. Usidhani anamdharau mgonjwa. Sumu hiyo hupita kwenye ngozi.

Mama aliyejifungua na anayetokwa damu nyingi anaweza kufa katika saa mbili. Huyu ni mwekundu daima. Wauguzi watalisugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, watamchoma sindano ya kuukaza, na kumwekea maji kwa mshipa, huku damu ya kuongezwa ikitafutwa. Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, piga simu namba 115. Ni ya bure. Utapangiwa gari la kumpeleka. Namba hiyo ilitangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022.

Andika

Kutoka vijiji vingi vya Tabora mpaka hospitali ni mwendo mrefu. Pita zahanati ya karibu kwanza kama iko njiani. Mganga wa hapo anaweza kuanza dawa na kukuandikia karatasi ya rufaa. Chukua kadi ya kliniki. Chukua dawa zote alizokunywa mgonjwa, pamoja na za miti shamba. Usizifiche. Muuguzi haulizi ili akugombeze. Anauliza ili asimpe mgonjwa dawa ya pili itakayogombana na ya kwanza.

Nawe sasa unajua kuandika. Mtu mwenye hofu husahau, lakini karatasi haisahau. Tafuta kipande cha daftari uandike maneno machache, kama haya:

"Jumanne. Mtoto wa miaka miwili. Homa tangu Jumapili. Saa 11 alfajiri ameshikwa na degedege, kama dakika tano. Hajanywa kitu tangu jana jioni. Saa 4 usiku amepewa nusu kidonge cha homa. Amepewa pia maji ya mizizi, vijiko viwili."

Mpe muuguzi karatasi hiyo mlangoni. Ataisoma huku mkono wake mwingine ukiwa kwenye kifua cha mtoto, akihesabu pumzi.