Sanduku Lina Kufuli Tatu, Saa Zako Je?

Siku ya kikao cha kikundi cha akiba, mtunza sanduku analifikisha likiwa limefungwa. Ni la chuma, limelala nyumbani kwake wiki nzima, lakini hawezi kulifungua hata akikabwa na shida usiku wa manane. Funguo tatu ziko kwa wanachama wengine watatu, kila mmoja na wake. Wasipokutana hao, mbele ya wenzao, hela haitoki.

Kisha namba zinaitwa. Kila mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, na kila hisa inagongwa mhuri kwenye kitabu chake. Aliyenunua mbili, nafasi tatu zilizobaki zinapigwa msalaba, asije mtu akaongeza mhuri gizani. Anayechelewa analipa faini.

Mtindo huu ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukaenea hadi Afrika Mashariki. Tanzania watu huviita vikundi vya namna hii vikoba tu, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua kama watoa huduma wa daraja la nne. Kenya wana vyama vyao. Wengi waliomo ni wanawake, na si wasiojua kujibana. Kibubu wamekilea tangu utotoni. Wanajua pia jinsi kijiti chembamba kinavyotoa noti kwenye tundu lake.

Tatizo la hela iliyo karibu ni kwamba ina wenyewe wengi. Shemeji anapiga simu: "Dada, nisaidie elfu hamsini, Ijumaa nakurudishia." Kumwambia huna ni uongo, kumwambia hutaki ni ugomvi. Kumbe jibu jepesi lipo: "Hela yote iko kwenye kikundi, shemeji, tunavunja na kugawana Desemba." Hakuna aliyetukanwa, na akiba imebaki. Mwanachama mwenye shida ya kweli, kama msiba au ugonjwa, ana mfuko wa jamii uliochangwa pembeni kwa ajili hiyo, na hana haja ya kukimbilia mikopo ya kausha damu.

Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliliona jambo hili Bumala, magharibi mwa Kenya. Waliwafungulia baadhi ya wafanyabiashara wadogo akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti hizo hazikuwa na riba, na kila kutoa pesa kulikatwa ada. Kwa hesabu ya kawaida, ni akaunti ya hasara. Hata hivyo, katika matokeo waliyochapisha mwaka 2013, wanawake wa sokoni waliopewa akaunti waliongeza mtaji waliouingiza kwenye biashara kwa asilimia 38 hadi 56 kuliko wenzao wasiopewa. Kwa wanaume waendesha baiskeli za abiria hakukuonekana mabadiliko. Akina mama hao walipata mahali ambapo pesa haifikiki kwa urahisi, na hilo lilitosha.

Muda nao una mashemeji. Ofisini wanakuja na "pitia hapa mara moja kabla hujatoka", na saa tatu usiku simu inalia kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Mwanamke anayetaka kupanda cheo anaogopa kuonekana mvivu, basi anaitikia kila wito. Hapa hakuna kikundi cha kusingizia, ila sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Zinazozidi zifanywe kwa makubaliano, na kila moja ilipwe mara moja na nusu. Inataka pia mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Anayemaliza ripoti ya bosi saa nne usiku, kwa kawaida hapaswi kuanza tena kabla ya saa nne asubuhi.

Hesabu ya saa zinazotolewa bure inauma. Anayelipwa shilingi 585,000 kwa mwezi kwa saa 45 za wiki, saa yake moja ni kama shilingi 3,000, na ya ziada ni 4,500. Akitoa bure saa moja kila siku kwa siku tano, wiki inamla 22,500. Kwenye kikundi ambacho hisa ni 5,000, hizo ni hisa nne na chenji. Kwa wiki 52 zinafika shilingi 1,170,000, nazo ni mtaji wa kuanzia kwa mama lishe au fundi cherehani.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Vifungu vya saa za kazi vya sheria hiyo havimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Maana yake, barua ya kupandishwa cheo inaweza kuja na mshahara mnono huku ikiondoa kikomo cha saa na malipo ya ziada. Kwa hiyo unapoitwa kupewa hongera, usisaini papo hapo. Uliza utaripoti kwa nani, simu za usiku zinahesabiwaje na siku ya mapumziko ni ipi, kisha omba majibu yaandikwe kwenye mkataba.