Nyimbo za Newala za 1906: Nzito Kweli, au Mashine Imezunguka Taratibu?

Umewahi kusikia albamu ya Black Sabbath ya 1971, Master of Reality? Wapenzi wa muziki wa metali wanaihesabu kati ya mizizi ya tawi lake zito na la polepole. Kwenye baadhi ya nyimbo, mpiga gitaa Tony Iommi, aliyepoteza ncha za vidole kiwandani, alilegeza nyuzi kwa toni moja na nusu. Uzi uliolegea unatetema mara chache zaidi kwa sekunde, hivyo sauti inakuwa nzito. Uzito ule ulikusudiwa.

Kuna uzito mwingine usiokusudiwa na mtu. Mwaka 1906, vumbi la Maji Maji halijatulia, mtafiti Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akarekodi nyimbo za wenyeji kwa fonografu. Mashine hii inachora mawimbi ya sauti kwenye silinda ya nta inayozunguka.

Shida iko kwenye mzunguko. Tuseme silinda ilirekodiwa kwa mizunguko 160 kwa dakika, nawe ukaicheza kwa 144. Mwendo wa wimbo unapungua kwa asilimia 10, na sauti nayo inashuka: ya hezi 200 inakuwa 180, karibu toni nzima. Wimbo wa kuchangamsha jando unaanza kusikika kama maombolezo!

Utajuaje basi? Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa 1900, iliwaagiza watafiti wapulize filimbi ya hezi 435 mwanzoni mwa rekodi. Leo filimbi hiyo ikisomeka 391.5, unajua mashine imechelewa kwa asilimia 10, unarekebisha. Hata filimbi isipokuwepo, uwiano kati ya noti na noti haubadiliki, kwa hiyo umbo la wimbo limesalimika.

Ila ngoma haina bahati hiyo. Pembe ya fonografu, bila umeme, inanasa vibaya sauti za chini. Mshindo wa ngoma kubwa, ule unaousikia kifuani, haukuingia kwenye nta, na hakuna programu ya kuurudisha. Kwa hiyo rekodi inaweza kumwongezea mwimbaji uzito asiokuwa nao, huku ikimnyang'anya mpiga ngoma uzito wake halisi.

Kabla hujasema wazee wa Umakondeni waliimba kwa huzuni, uliza kwanza mashine ilizunguka mara ngapi.