Mayuni ya Nakivubo na Maji ya Gaba

Mtu akisimama juu ya kilima chetu cha Kibuli na kutazama mashariki, kuelekea Bugolobi, ataona bonde la kijani kibichi. Hicho ndicho kinamasi cha Nakivubo. Zamani kilijaa mafunjo. Siku hizi sehemu kubwa imelimwa miwa na majimbi, ambayo hapa kwetu huitwa mayuni. Nataka kueleza kwa nini mashamba hayo yanahusu kila bilauri ya maji tunayokunywa.

Kwanza tuifuate njia ya maji. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji ya mvua pamoja na uchafu wa masoko, karakana na vyoo vya mji. Maji yatokayo katika mtambo wa kusafishia maji machafu wa Bugolobi huingia humo pia. Yote hupita kinamasini, kisha huingia katika Ghuba ya Murchison, iliyo sehemu ya Ziwa Viktoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, pale Gaba, ndipo maji huvutwa kwa pampu, yakasafishwa na kuletwa mjini.

Kati ya mfereji na ziwa, mlinzi wetu ni mafunjo. Mizizi yake husukana kama mkeka unaoelea, na nyuzi zake huning'inia majini. Maji yakifika hapo hupunguza mwendo. Matope hutua chini, na vijidudu vingi vya maradhi hufa. Mizizi nayo hunyonya naitrojeni na fosforasi, yaani chakula cha mimea kilichomo katika uchafu. Vitu hivyo vikifika ziwani kwa wingi, mwani huota hata maji yakawa ya kijani, na kuyasafisha kukawa kazi ngumu yenye gharama kubwa.

Je, mkulima hufanya nini? Hung'oa mafunjo na kuchimba mitaro ili kukausha ardhi. Maji sasa hupita mbio katika mitaro bila kuguswa na mizizi. Wakati wa kuvuna, mayuni hung'olewa na tope hutibuliwa. Mvua ikinyesha, tope hilo huenda ziwani.

Lakini tusifanye haraka kumlaumu mkulima. Wengi wa walimao huko ni watu maskini. Ardhi ya bondeni ina rutuba kwa sababu ya uchafu wetu wenyewe. Mbolea ni ya bure, na maji hayakauki hata kiangazi. Mama mwenye watoto wa kulisha hawezi kuambiwa tu, "Ondoka!" Naye pia hunywa maji ya mji huu. Wahenga walisema kweli: mchuma janga hula na wa kwao.

Wala jambo hili si la Kampala peke yake. Huko Marekani, mbolea ya mashamba ya mahindi huchukuliwa na mto Mississippi hadi Ghuba ya Meksiko. Kila kiangazi sehemu kubwa ya maji ya huko hukosa hewa, na samaki hukimbia au hufa. Dunia yahitaji chakula kingi, lakini chakula kikipatikana kwa kuharibu maji, tumejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 imeiweka ardhi ya vinamasi katika dhamana ya Serikali, kwa manufaa ya wananchi wote. Sheria ni njema, lakini yahitaji kusaidiwa na akili. Mafunjo yenyewe ni mazao: ukikata mashina na kuacha mizizi, huota tena, nawe wapata mikeka na paa. Tena kila mzigo ukatwao huondoa sehemu ya uchafu ulionyonywa. Penye mashamba, ukanda mpana wa mafunjo uachwe upande wa ziwa. Na huku vilimani, maganda ya matoke tunayoyatupa kila siku yaozeshwe yawe mbolea, ili bustani za juu zizae na watu wasilazimike kushuka bondeni.

Sisi wa Kibuli tuko juu, na maji yetu hushuka. Siku nyingine ukifungua bomba, kumbuka kwamba huenda baadhi ya maji hayo yalipita kwanza chini ya kilima chetu.