Moteri ya Porsche 911 ya zamani: kufungua juu, kufungua yote, ao kuacha?

Leo tunaingia kidogo katika mambo ya garaji. Swali ni hili: mutu iko na gari ya zamani ya bei kali, moteri imeanza kutoa moshi na kuvuja mafuta. Afanye nini? Wengi watajibu mara moja: «Afungue, atengeneze yote, amalize maneno.» Lakini jibu hilo linaweza kumeza pesa mingi bure, na linaweza hata kuharibu moteri iliyokuwa muzima. Tuchukue mufano wa Porsche 911 ya kupozwa na hewa, juu iko wazi sana: pale kila uchaguzi uko na bei yake.

1. Moteri yenyewe iko namna gani?

Porsche walionyesha hii gari kule Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901. Peugeot walikataa, kwa sababu majina ya namba tatu zenye ziro katikati yalikuwa yao katika Ufaransa, basi ikawa 911. Moteri ya kupozwa na hewa iliendelea mpaka mwaka 1998. Hakuna radiateri ya maji. Kuko ventilateri kubwa inayosukuma hewa juu ya silinda, na kuko mafuta mengi, zaidi ya litre kumi, yanayozunguka na kukaa katika tanki yake pembeni. Kwa hiyo mafuta pale hayafanye kazi ya kulainisha tu, yanapoza pia.

Silinda ni sita, zimelala: tatu kushoto, tatu kuume. Kila silinda ni kipande chake peke yake, na kila moja iko na kulasi yake (kile kichwa kinachobeba supapu). Katikati kuko karteri, ile nyumba ya vilebrekini, na imegawanywa nusu mbili kama kitabu kilichofungwa.

Hapa njo siri ya maneno yote. Kwa moteri ya Toyota ya kawaida unaweza kutoa sahani ya mafuta kwa chini na kuangalia kusine za biele. Kwa 911 hapana. Mutu akitaka kubadilisha kusine kubwa za vilebrekini, lazima atoe kulasi zote, silinda zote, cheni zote, kisha apasue karteri nusu mbili. Ndiyo maana watu wa hii moteri wanasema «juu» na «chini». Juu ni kulasi, supapu, pistoni, segmenti na silinda. Chini ni karteri na vilebrekini. Biele ziko katikati ya hayo mawili: fundi muzuri anaweza kubadilisha buloni zake, hata kusine zake, bila kupasua karteri, lakini nafasi ni ndogo sana.

2. Kupima mbele ya kufungua

Moshi peke yake hauseme kitu. Juu silinda zimelala, mafuta kidogo yanaweza kuingia wakati gari imesimama, na asubuhi inatoa moshi wa bluu kisha inaacha. Hiyo si ugonjwa. Lakini kama moshi unatoka kila mara unapoachia gaz katika mushuko, hapo tunaanza kufikiria viongozi vya supapu, ile mirija midogo ambamo shina la supapu linapanda na kushuka.

Kipimo kinachosema ukweli zaidi ni cha kuingiza hewa ya kompreseri ndani ya silinda wakati pistoni iko juu na supapu zote zimefungwa. Unaangalia ni asilimia ngapi inapotea, kisha unatega sikio. Hewa ikitokea katika bomba la moshi, supapu ya kutolea haifunge. Ikitokea upande wa kuingizia hewa, ni supapu ya kuingizia. Ukiisikia kwenye kifuniko cha tanki ya mafuta, ni segmenti ao silinda.

Kisha unakata filtre ya mafuta na kuifungua. Ukikuta vipande vya chuma vinavyongaa, na presio ya mafuta inaanguka moteri ikipata moto, basi chini kunalia. Ukikuta filtre safi na presio nzuri, chini kunaweza kuwa kuzima hata kama juu kumechoka.

Na kuvuja? Mara nyingi mafuta yanatoka kwenye vifuniko vya supapu, kwenye vifuniko vya cheni, ao kwenye mirija inayorudisha mafuta kutoka kulasi. Sehemu kubwa ya hayo inatengenezwa bila kupasua karteri. Mutu asiuze shamba juu ya joint.

3. Kila mwaka na ugonjwa wake

Usichague njia bila kujua uko na moteri gani.

Moteri ya litre 2.7, iliyowekwa katika 911 za kawaida kuanzia modeli ya 1974 mpaka 1977, iko na karteri ya magnezio. Magnezio ni nyepesi, lakini ikipata joto mingi inachoka. Zile gujo ndefu zinazokaza silinda na kulasi zinavuta nyuzi za karteri mpaka zinang'oka. Katika Marekani hali ilikuwa mbaya zaidi, juu waliweka vyombo vya kuchoma moshi karibu na kulasi kwa ajili ya sheria za hewa, na joto likapanda. Moteri hii ikifunguliwa, mara nyingi haifae kuishia juu: karteri inapaswa kwenda kwa tourneur kuwekewa nyuzi mupya za chuma, na kupimwa kama njia ya vilebrekini ingali imenyooka.

Moteri ya 911 SC, litre 3.0, modeli ya 1978 mpaka 1983, ilirudia karteri ya aluminio. Hii inasifiwa kwa kudumu. Shida yake ni zile gujo za Dilavar, zinazoweza kukatika, na vikaza-cheni vya zamani, vinavyoweza kulegea. Cheni ikiruka, supapu zinakutana na pistoni. Kwa hiyo wengi wanaweka vikaza-cheni vinavyosukumwa na presio ya mafuta, vile vilivyokuja na Carrera 3.2.

Carrera 3.2 yenyewe, modeli ya 1984 mpaka 1989, inajulikana kwa viongozi vya supapu vinavyoisha mapema na kwa buloni za biele zilizo nyembamba, milimita 9. Chini yake kwa kawaida ni kugumu. Ndiyo maana kwa hii, kufungua juu peke yake kunaweza kuwa uchaguzi wa akili.

4. Njia nne

Ya kwanza: kuacha. Vipimo vikiwa vizuri, kaza panapovuja, pima nafasi ya supapu, badilisha mafuta, endesha. Wengi wanaona aibu kuchagua hii, lakini moteri inayofanya kazi haidai kufunguliwa.

Ya pili: juu peke yake. Inafaa kama chini kumepimwa na kuko muzima. Hatari yake ni hii: ukiipa moteri ya zamani nguvu mupya kwa juu, na kusine za chini zilikuwa zimechoka, utafungua mara ya pili, na utalipa joint zote mara ya pili.

Ya tatu: yote. Hapo unalipia usingizi. Karteri inaoshwa na kutafutwa nyufa, vilebrekini inapimwa, kusine na buloni za biele zinabadilishwa. Ni njia ya mutu atakayebaki na gari miaka mingi.

Ya ine: kuikuza. Moteri ya SC iko na pistoni za milimita 95; ukiweka za milimita 98 kwa vilebrekini ileile ya mwendo wa 70.4, unapata karibu litre 3.2. Ni tamu kusikia. Lakini ile injeksio ya zamani ya K-Jetronic haipende arbrakame kali, na kubana mingi kunaweza kudai bujii mbili kwa kila silinda. Basi pistoni zinaita injeksio, injeksio inaita bujii, bujii zinaita waya na kompyuta. Wengine wanaona afazali kuweka moteri ya 3.6 kutoka modeli ya 964, na ile ya asili wanaifunika katika kona. Usiiuze: namba yake iko kwenye karteri, na gari yenye moteri yake ya kuzaliwa njo inatafutwa na wanunuzi.

5. Maswali matatu ya kujiuliza

Gari ni ya kazi gani: kutembea Siku ya Mungu, mashindano, ao kuuza? Karteri iko hali gani? Na pesa iko mpaka wapi, si ya kuanza bali ya kumaliza? Hili la tatu linaua miradi mingi. Fundi anasema «kwa kuwa tumeshafungua, tuweke na hiki», kesho «na kile». Moteri inabaki katika masanduku miaka mitatu, vipande vinapotea, na gari iliyokuwa inatembea haitembee tena. Andika liste mbele ya kufungua, andika liste ya pili kisha kufungua, na weka akiba kwa kile ambacho bado hakijaonekana.

6. Sisi tunaingia wapi?

Wale wakubwa wetu walioendesha VW Coccinelle wanajua hii jamaa ya moteri: silinda zimelala, hewa inapoza, karteri ya nusu mbili. Na Porsche 911 si mugeni katika mavumbi ya jirani: katika Safari Rally ya Afrika Mashariki ilimaliza ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, bila kushinda hata mara moja miaka ile.

Lakini somo halihitaji Porsche. Pikipiki ya taksi, jenereta ya kantini, Toyota ya familia: fundi akisema «tufungue yote», umuulize kwanza alipima nini, na kipimo kilisema nini. Kama hana jibu, bado haijafika saa ya kufungua.

Wenye uzoefu wa garaji, mutuongezee kwa chini: kwa moteri gani mulipima, mukakuta haikupaswa kufunguliwa?