Barafu Ishikayo Mbawa za Ndege

Katika maongezi yetu haya twapenda kueleza habari za adui mmoja wa rubani asiye na ngurumo wala umeme, naye ni barafu. Huenda mtu akauliza, "Barafu itatoka wapi katika nchi za jua kali?" Na autazame mlima Kilimanjaro: chini migomba yastawi, na kileleni, kimo cha mita 5,895, iko barafu. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6 na nusu za Sentigredi. Basi ndege ikipaa juu sana, hata penye Ikweta, huingia katika baridi kali.

Shuleni twafundishwa ya kuwa maji huganda yafikapo digrii 0. Lakini mawinguni mambo ni mengine. Tone dogo la maji, lisipopata chembe ya kugandia, laweza kubaki maji hata katika digrii 20 chini ya sifuri. Ndege ipitapo katika wingu la namna hiyo, matone huipiga ukingo wa mbele wa mbawa, nayo huganda papo hapo. Barafu hiyo huongeza uzito, lakini dhara lililo kubwa zaidi ni kuharibu umbo la bawa. Kwani ndege huinuliwa na hewa ipitayo vizuri juu ya umbo hilo. Hata barafu nyembamba yenye kukwaruza kama msasa hupunguza nguvu ya kuinua.

Wahandisi wametafuta dawa. Ndege nyingine hupeleka hewa ya moto kutoka injini mpaka kwenye mbawa. Nyingine zina mifuko ya mpira ukingoni, ambayo hujazwa hewa ikafura na kuivunja barafu. Walakini kila dawa ina mpaka wake. Tarehe 31 Oktoba 1994, huko Marekani, ndege ya aina ya ATR 72 iliyotoka Indianapolis kwenda Chicago iliamriwa ingoje angani. Ilizunguka zaidi ya nusu saa penye matone makubwa kuliko kawaida. Barafu ikajijenga nyuma ya mifuko ile, mahali isipofika. Ndege ilipokuwa ikishuka ikabiringika ghafula, ikaanguka karibu na Roselawn, na watu wote 68 wakafa. Baadaye mifuko ya ndege za aina ile iliongezwa upana, na marubani wakaagizwa kutoka upesi katika hali kama hiyo.

Kwa hiyo hapana budi habari ya barafu imtangulie rubani. Barafu ikiwa kali, ofisi za hali ya hewa hutoa onyo liitwalo SIGMET, likitaja eneo, kimo na saa, na kama hali yazidi au yapungua. Onyo hilo la barafu halipewi muda kupita saa 4, kwa kuwa mawingu hayatulii. Tena rubani aliyekutana na barafu huarifu kwa redio, ili ajaye nyuma apande, ashuke au apite kando. Ndivyo afanyavyo msafiri mwema avukapo mto uliofurika: huwaambia wenziwe palipo na kina, wasije wakaingia bila kujua.